Anayeliombea Bunge Alipwe na Nani?

Kuomba ni bure, lakini mwombaji wa Bunge ana mshahara. Mwaka 1789 Bunge la Marekani liliajiri makasisi wawili, kila mmoja kwa dola 500 kwa mwaka. James Madison, aliyekuwa mbunge wakati huo, baadaye aliandika kwamba wabunge wangechangishana wenyewe. Huko Nebraska, Seneta Ernest Chambers alikwenda mahakamani kupinga kasisi kulipwa dola 319.75 kwa mwezi, wakati wa vikao, kutoka hazina ya jimbo. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilimkatalia: desturi hiyo ni ya tangu enzi za waasisi. Haya, desturi ina uzito wake. Lakini mlipa kodi hakuulizwa dini yake. Waheshimiwa, mkitaka kuombewa, sadaka itoke mifukoni mwenu.