Usisubiri Mwili Useme: Dalili za VVU na Njia za Kujikinga

(Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata)



Nimepewa robo saa nizungumzie dalili za maambukizi ya VVU. Mimi si tabibu; kazi yangu ni habari, na haya nitakayoyasema nimeyapitia pamoja na Mratibu wa UKIMWI wa Wilaya aliyeketi hapa mbele. Nakiri mapema kwamba mada hii inanipa taabu, kwa kuwa jambo kubwa la kujua kuhusu dalili za VVU ni kwamba haziaminiki.

Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, baadhi ya watu hupata homa, maumivu ya koo, kuvimba tezi, vipele na uchovu. Wengine hawaoni chochote. Nasi hapa kwetu kila homa huitwa malaria: mtu hupita duka la dawa, hununua mseto bila kupima, na baada ya siku chache homa huondoka. Ingeondoka hata asingemeza kitu. Anarudi shambani akiisifu dawa, ilhali katika siku hizo virusi vimejaa katika damu yake na ni rahisi mno kumwambukiza mwenziwe.

Kisha huja ukimya, ambao waweza kudumu miaka minane, kumi au zaidi. Mtu analima, ananenepa, anaoa. Dalili ambazo wengi wetu tunazijua, yaani kukonda, kuharisha kusikokoma, jasho la usiku, mkanda wa jeshi, utando mweupe mdomoni na kifua kikuu, huja baadaye, kinga ya mwili ikiwa imekwisha kubomoka. Wazee wetu wanakumbuka wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa nchini, mkoani Kagera, mwaka 1983, wakati watu wa huko walipouita ugonjwa huo Juliana. Sura ile ya mtu aliyebaki mifupa imekaa machoni mwetu, na hadi leo tunapima kwa macho: "Huyu amenawiri, huyu hana kitu."

Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu. Mtoto wa baba yangu mkubwa, ambaye mimi humwita kaka, ameniruhusu niueleze bila kumtaja jina. Mkewe alipopata mimba ya kwanza alipimwa kliniki, akaonekana hana maambukizi, akaombwa aje na mumewe. Kaka hakwenda. Alisema kazi ya bodaboda haina likizo, na tena mke akiwa mzima, mume naye ni mzima. Katika mimba ya pili shemeji alipimwa tena, na safari hii majibu yalikuwa mengine. Alianza dawa siku ileile. Kaka aliendelea kubisha mwaka mzima, mpaka mkanda wa jeshi ulipomshika ubavuni akashindwa kuvaa shati. Leo wote wawili wanatumia dawa na wana nguvu, na yule mtoto wa pili yuko darasa la tatu, hana virusi. Lakini kaka huniambia kwamba majibu ya kliniki aliyoyaazima kwa mkewe ndiyo yaliyomponza mkewe. Kwa hiyo, akina baba, majibu ya mkeo si majibu yako.

Wala hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na kati ya hao, asilimia 82.7 tu ndio waliokuwa wakijua hali zao.

Sasa kinga. Kondomu itumike kila mara na kwa usahihi. Nyembe na sindano zisichangiwe. Tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke, lakini haiiondoi, basi aliyetahiriwa asijione amevaa ngao. Mjamzito mwenye VVU akitumia dawa ipasavyo na kujifungulia kituoni, uwezekano wa kumwambukiza mtoto hushuka chini ya asilimia 5. Aliyebakwa, au aliyechomwa na sindano iliyotumika, awahi kituo cha afya ndani ya saa 72. Kila saa ina thamani, na dawa hizo humezwa kwa siku 28. Walio katika hatari kubwa zaidi waulize kuhusu dawa kinga zinazotumiwa kabla ya kukutana na virusi.

Na kinga ambayo wengi hawajaisikia ni dawa zenyewe. Anayezimeza bila kuruka siku, hadi kipimo cha wingi wa virusi kisivione tena, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Dawa hizo zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na tangu 2016 mtu huanzishiwa mara anapogundulika, asisubiri kudhoofu.

Najua hofu iliyobaki ni ya maneno ya watu. Sheria ya mwaka 2008 inamtaka mhudumu atunze siri ya majibu yako. Asiyependa kuonekana kwenye foleni anaweza kujipima mwenyewe kwa kitepe cha mate, kisha akathibitishe kituoni iwapo kitaonyesha maambukizi. Na aliyejiweka hatarini hivi karibuni arudie kipimo baada ya miezi mitatu, kwani cha mapema chaweza kukosa kuona.

Hema la kupimia liko nyuma ya ofisi ya kata, na wahudumu watakuwapo hadi saa kumi na moja jioni. Siku nyingine za kazi huduma hiyo hutolewa bure katika zahanati na kituo chetu cha afya. Mimi nimepima asubuhi hii kabla hamjafika. Sasa namkaribisha Mratibu apokee maswali, tukianza na akina mama walioketi chini ya mwembe.