Mwenye Daftari Ndiye Mwenye Duka



Pwani ya Lindi haikuanza jana kufanya biashara na watu wa mbali. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji uliokwisha kutajirika kwa dhahabu ya Sofala, iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara wake kwenda ng'ambo. Masultani wa mji huo walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Upande mmoja waliandika jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyofuatana na jina hilo kwa vina. Kipande kidogo cha shaba hakina thamani kubwa kwa uzito wake. Jina lililoandikwa juu yake ndilo lililokipa heshima sokoni.

Karne ya 19 ilileta mambo mengine. Kilwa Kivinje ikawa mwisho wa safari ya misafara iliyotoka bara na meno ya ndovu na, kwa msiba mkubwa, na watumwa. Katika enzi hizo watu wa pwani walijua sana neno "mali kauli". Mtu alikabidhiwa nguo na shanga kwa ahadi ya mdomo, akaenda nazo bara, akalipa baada ya kurudi. Aliyerudi na faida alilipa na kusalimika. Aliyerudi na hasara alibaki na deni, na hesabu ya deni hilo ilikuwa katika daftari la mwingine.

Kumbukumbu hizi mbili, ya jina na ya daftari, zinafaa kutangulia katika kulijadili jambo linaloulizwa sana na wafanyabiashara wadogo: jinsi ya kuongeza duka na malipo katika tovuti zao. Mwenye nyumba ya wageni Kilwa Masoko anayo tovuti yenye picha za magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na magofu ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kikundi cha wasukaji wa mikeka ya ukili kina ukurasa wake. Mbanguaji wa korosho mjini Lindi naye kadhalika. Lakini kurasa nyingi za namna hiyo ni ubao wa tangazo tu: mgeni hutazama picha, hupiga simu, hubishana bei, kisha hupotea. Au huja mchuuzi, hununua mikeka yote kwa bei ya kutupa, akaiuza katika ukurasa wake mwenyewe kwa bei anayoitaka. Mkeka ni wa Kivinje. Mnunuzi, jina na hesabu ni vya mchuuzi. Hiyo ni mali kauli iliyovaa nguo mpya.

Kazi ya kulifanya tangazo liwe duka imegawanyika katika sehemu tatu, na hakuna hata moja inayomshinda mtu aliyesoma.

Sehemu ya kwanza ni orodha ya bidhaa. Kila bidhaa iandikwe jina, kipimo, uzito, bei kwa shilingi na idadi iliyopo ghalani. Zipo programu za bure, kama WooCommerce inayoambatishwa katika tovuti za WordPress, ambazo humpa mnunuzi kikapu cha kukusanyia anavyovitaka na kupunguza idadi kila kitu kinapouzwa. Lakini programu haihesabu mikeka iliyomo chumbani. Mtu ndiye anayehesabu. Orodha inayosema mikeka ipo kumi, kumbe imebaki miwili, ni uongo hata kama haukukusudiwa.

Sehemu ya pili ni malipo. Hapa nchi imekwisha kupiga hatua. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Mwaka 2015 zilitungwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na mkataba uliofungwa kwa njia ya kielektroniki ukatambuliwa kisheria. Leo mtu wa Songea au Mwanza anaweza kumlipa mtu wa Kilwa ingawa mitandao yao ya simu ni tofauti.

Biashara ndogo ina njia mbili za kupokea malipo hayo. Njia ya kwanza ni lipa namba ya biashara, iliyoandikwa wazi katika tovuti. Mnunuzi hulipa kwa menyu ya kawaida ya simu, hata simu ya tochi. Kabla hajathibitisha kwa namba yake ya siri, huliona jina la biashara anayoilipa. Jina hilo linafanya kazi iliyofanywa na jina la sultani juu ya shaba. Kwa hiyo haifai hata kidogo biashara ya kikundi kupokea fedha kwa namba ya shemeji wa katibu.

Njia ya pili ni kuiunganisha tovuti na kampuni ya malipo yenye leseni ya Benki Kuu. Mnunuzi anapobonyeza kitufe cha kulipa, simu yake hupokea ombi, naye huingiza namba ya siri katika simu yake mwenyewe. Kisha taarifa ya malipo hurudi dukani bila mtu kuandika. Njia hii humfaa pia mgeni wa ng'ambo anayetaka kulipia chumba kwa kadi ya benki. Lakini namba za kadi ziandikwe katika ukurasa wa kampuni ya malipo tu. Mwenye duka asizipokee wala asizihifadhi. Njia hii hudai leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, na ina makato yake. Makato hayo yahesabiwe katika bei tangu mwanzo, yasije yakala faida yote.

Hapana budi kutaja wezi. Kila Mtanzania mwenye simu anaufahamu ujumbe usemao, "ile hela tuma kwenye namba hii". Duka la mtandaoni huwavutia watu hao. Mwenye duka asitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa malipo. Atazame salio lake mwenyewe au taarifa iliyotoka katika mtandao wenyewe. Na mnunuzi aambiwe wazi kwamba duka halitamwomba kamwe namba yake ya siri.

Sehemu ya tatu, inayosahauliwa kuliko zote, ni kufikisha mzigo na kurudisha fedha. Mwezi Mei 2024 ulitoa somo kali. Mwanzoni mwa mwezi huo kimbunga Hidaya kiliipiga pwani, na mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika wilaya ya Kilwa, ikiwamo sehemu ya Somanga. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za mawasiliano zilizomo baharini zilipata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Duka lililoahidi siku mbili bila kueleza litafanya nini barabara ikikatika, liliwekwa mahali pabaya. Kwa hiyo duka liandike mapema: mzigo huenda kwa basi gani, stakabadhi yake hutumwa lini, ukichelewa mnunuzi hurudishiwa nini na kwa siku ngapi. Na njia ya kulipa isiwe moja tu.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya watu wa mjini. Wautazame ufuta. Katika mkoa wa Lindi ufuta umeuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima hupeleka mazao katika chama chake cha ushirika, yakapimwa na kuhifadhiwa ghalani, wanunuzi wakashindana bei bila kuonana naye, na fedha zikaingia katika akaunti yenye jina lake. Mzigo hautoki ghalani kabla ya kulipiwa. Hiyo ndiyo kanuni ileile ya duka dogo: kipimo kinachojulikana, jina linalojulikana, malipo yaliyothibitishwa, kisha mzigo. Kama inawezekana kwa gunia la ufuta, haishindikani kwa mkeka wala kwa pakiti ya korosho.

Lakini kikundi kisidanganywe kwamba fundi wa kompyuta atamaliza kazi. Fundi atajenga duka kwa wiki chache, kisha ataondoka. Kama amelisajili jina la tovuti kwa jina lake, kama ndiye peke yake mwenye nywila, kama fedha zinapita kwake kwanza, basi kikundi kimejenga duka la fundi. Kabla ya kumlipa shilingi ya mwisho kikundi kimdai vitu vitatu: jina la tovuti lililosajiliwa kwa jina la biashara, nywila zote, na orodha ya wateja. Orodha hiyo nayo itunzwe kwa siri, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa muuza mikeka kama inavyoigusa benki.

Hapa ndipo mwalimu na mtumishi wanapohitajika, ndugu. Msukaji anajua ukili. Huenda hajui kulinganisha salio la simu na mauzo ya wiki. Saa moja ya Jumamosi inatosha kumfundisha mtunza hazina wa kikundi kuandika safu nne: tarehe, bidhaa, fedha iliyoingia, mzigo uliotoka. Hesabu hiyo ikilingana na ya kompyuta, duka lipo. Isipolingana, kuna mtu au kuna kosa, na vyote viwili hutafutwa siku hiyohiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kitufe cha malipo hakijalifuta neno hilo.