Tuwaheshimu Wanaojitolea Wangali Hai

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bahati, Nakuru)

Nimeombwa niseme machache juu ya waandishi wa habari za mazingira, na hasa wale wanaovitumikia vyama vyao bila mshahara. Najua yuko atakayeuliza: "Sisi ni watu wa mashamba. Waandishi wa magazeti watuhusu nini?"

Ndugu zangu, kumbukeni usiku wa tarehe 9 Mei, 2018. Bwawa la shamba lilipasuka huko Solai, kwa jirani zetu. Maji na matope yalizoa nyumba, na watu zaidi ya 40 wakafa. Baada ya msiba waandishi walifika wengi. Lakini mwandishi tunayemhitaji zaidi ni yule anayeuliza kabla ya mvua kunyesha: bwawa hili limekaguliwa na nani, na lini?

Tena tazameni Owino Uhuru, Mombasa. Bibi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi katika kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mtoto wake akapatikana na sumu ya madini ya risasi. Akasimama pamoja na wanakijiji, habari zikaenea, wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Amri hiyo ikatenguliwa katika rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hiyo ni miaka mingi. Habari kama hiyo haiandikwi mara moja ikasahauliwa. Yataka mwandishi anayeelewa sumu, sheria na hesabu, na asiyechoka.

Mwandishi wa namna hiyo hufundishwa na wenzake. Ndiyo sababu wenzetu wa Tanzania walianzisha chama chao, JET, mwaka 1991, na hapa Kenya kikaanzishwa MESHA mwaka 2005. Chama cha namna hii husimama kwa watu wachache: anayesahihisha makala ya kijana usiku, anayetafuta mtaalamu wa kueleza jambo gumu, anayeandika kumbukumbu za mkutano, anayeshika daftari la fedha. Waandishi wengi wa mikoani hawana ajira ya kudumu. Hulipwa kwa kila habari inayotoka. Saa anayoitoa kwa chama ni saa asiyolipwa na mtu. Je, hamumfahamu mtu huyu? Ni ndugu wa mwakilishi wetu kazini, anayekosa chakula cha mchana akifuatilia shauri la mwenzake.

Kazi hiyo ina hatari pia. Mwaka 2024 UNESCO ilieleza kwamba katika miaka 15 waandishi wasiopungua 44 waliokuwa wakichunguza mambo ya mazingira waliuawa duniani, na kesi 5 tu ndizo zilizofikia hukumu.

Waandishi wa mazingira wa Marekani, ambao chama chao kilianza mwaka 1990, wana tuzo yenye jina la David Stolberg. Haitolewi kwa makala iliyo bora. Hupewa mwanachama aliyejitolea sana kwa ajili ya wenzake. Desturi hiyo naipenda, kwa kuwa makala ina jina la mwandishi juu yake, lakini kumbukumbu za mkutano hazina.

Mtu atasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi najibu: mgema huyu hauzi tembo, anatugawia bure. Ninaloogopa ni jambo jingine. Naogopa sifa ikiwa badala ya nauli. Naogopa tukimpigia makofi leo, na kesho tumtwike kazi ya watu watatu, mpaka siku ya mazishi yake ndipo tuseme alikuwa nguzo.

Basi natoa shauri kwa vyama vya waandishi, na kwa chama chetu vilevile. Kwanza, anayeheshimiwa achaguliwe na wanachama wenyewe, na wenye vyeo wasijichague. Pili, siku hiyohiyo arudishiwe nauli na gharama alizotoa mfukoni. Tatu, na hili ndilo kubwa, wasimame wanachama wawili mbele ya watu wote waseme: "Mwaka ujao sisi tutabeba nusu ya mzigo wake." Cheti huliwa na mchwa, bali msaidizi humpunguzia mtu uchovu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla hatujatawanyika jioni hii, kila mmoja amtaje mtu mmoja wa tawi letu anayefanya kazi bila kuonekana, kisha aseme atamsaidia kitu gani. Nami nitakuwa wa kwanza kutaja.

Umoja ni nguvu.