Anwani ya Kurudi: Jinsi Kompaila Inavyoiweka na Dibaga Inavyoisoma

(Mada kwa semina ya vijana waandishi wa programu, Tunduma, Mkoa wa Songwe)



1. Utangulizi

Sisi wa Tunduma tumekua na foleni ya malori. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kati yetu na wenzetu wa Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, dereva anayevuka humalizana na nchi zote mbili upande mmoja. Akitoka dirisha hili, halirudii, huenda linalofuata. Funksheni nazo ndivyo zinavyokwenda: ikimaliza, programu hairudii amri iliyoiita, huenda inayofuata. Asiyelijua hilo hutafuta kosa mahali pasipo na kosa.

2. Kompaila inaiweka wapi?

Funksheni ikiitwa, prosesa sharti ijue pa kuendelea baadaye. Kwenye x86-64, iliyomo katika kompyuta zetu nyingi, amri ya kuita husukuma kwenye staki baiti 8: anwani ya amri inayofuata, yaani anwani ya kurudi. Kwenye simu zenye ARM ya biti 64, anwani hukaa kwanza katika rejista x30. Ikiwa funksheni iliyoitwa nayo itaita nyingine, kompaila huandika amri za kuihifadhi x30 kwenye staki, la sivyo itafutwa.

Hilo si jambo dogo. Kompyuta ya PDP-8 ya mwaka 1965 iliandika anwani ya kurudi mwanzoni mwa funksheni yenyewe. Funksheni ikijiita, anwani mpya ilifuta ya zamani, na njia ya kurudi ikapotea.

3. Dibaga inaisomaje?

Chukua programu ya wakala wa mizigo. Mstari wa 20 unaita funksheni ya kuandika stakabadhi. Wa 21 unafunga faili. Programu inaanguka katikati ya stakabadhi. Amri ya kuita ipo 0x401136, nayo ina baiti 5. Basi anwani ya kurudi ni 0x40113b. Lakini hapo ni mstari wa 21! Ukiifuata ilivyo, utakesha ukikagua ufungaji wa faili usio na hatia. Kwa hiyo dibaga ya GDB hupunguza 1 kwanza: 0x40113a imo ndani ya amri ya kuita, na jibu linakuwa mstari wa 20.

Mtego mwingine ni huu. Ikiwa jambo la mwisho la funksheni ni kuita nyingine, kompaila ya GCC kwa kiwango cha uboreshaji -O2 inaweza kuruka moja kwa moja bila kuweka anwani mpya. Aliyeita hana kazi iliyobaki, kwa nini arudiwe? Ukiitazama orodha ya miito inayotolewa na dibaga, jina lake halimo, ingawa alipita.

4. Mapendekezo

- Mnapotafuta kosa, jengeni kwa -g na -Og.
- Mkilazimika kutumia -O2, ongezeni -fno-optimize-sibling-calls ili waliopita waonekane.
- Mkisoma anwani tupu kwenye kumbukumbu za ajali, punguzeni 1 kwa kila anwani ya kurudi. Ile ya mahali programu ilipoangukia iacheni ilivyo.

5. Hitimisho

Orodha ya miito tunaisoma kama historia, kumbe ni ratiba: inataja madirisha ambayo programu bado haijayafikia. Ilikopita tunakukisia kwa kurudi hatua moja nyuma, na pale kompaila ilipokata njia hata hatua hiyo haipo.