Kadi Iwe Mfukoni: Nasaha kwa Wenye Kipandikizi cha Koklea
(Hotuba kwa wananchi wa Moshi)



Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapandikiza kifaa cha usikivu Watanzania ambao vifaa vya kawaida vya kusikia haviwatoshi. Safari ya kutoka Marangu au Machame hadi Dar es Salaam ni ndefu; kwa hiyo ulinzi wa kifaa hiki huanzia nyumbani.

Kipandikizi kina sehemu mbili. Ya nje huvaliwa kichwani na huvuliwa. Ya ndani imo chini ya ngozi, ina sumaku, na haivuliwi. Hicho ndicho kiini cha nasaha zetu: aliyevua sehemu ya nje bado ana kifaa kichwani.

Kwanza, hospitalini. Kabla ya kipimo cha MRI, upasuaji au tiba yoyote ya umeme, mwonyesheni mhudumu kadi ya kifaa. Sumaku ya mashine ya MRI inaweza kuisogeza sumaku iliyo kichwani, ikaleta maumivu makali na kuharibu kifaa. Aina nyingine huruhusu kipimo hicho kwa masharti, na masharti hayo hutegemea modeli iliyoandikwa kwenye kadi. Nakala ya kadi ibaki kwa ndugu, kwani aliyezirai hawezi kujieleza.

Pili, homa ya uti wa mgongo. Aliyepandikizwa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua maradhi haya kuliko mtu mwingine. Muulizeni daktari kama chanjo ya nimokokasi imekamilika, hata kama mtoto alichanjwa kliniki. Homa ikiambatana na shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana au kutapika, msisubiri kupambazuke wala msianze kwa dawa za dukani. Nendeni hospitali mara moja.

Tatu, mvua na unyevu. Vueni sehemu ya nje kabla ya kuoga, isipokuwa ile iliyotengenezwa kuhimili maji. Ikilowa kwa mvua za masika, toeni betri, futeni kwa kitambaa kikavu, kisha iwekeni katika kisanduku chake cha kukaushia. Msiianike juani wala kando ya mafiga.

Nne, barabarani. Anayesikia kwa sikio moja hupata tabu kutambua sauti inatoka upande gani. Atazame pande zote kabla ya kuvuka. Akipanda bodaboda, avae kofia ngumu isiyokigandamiza kifaa. Akigongwa kichwani, achunguzwe hata kama hana jeraha.

Tano, nyumbani. Betri ndogo za mviringo ziwe mbali na watoto. Betri iliyomezwa huweza kuunguza koo kwa muda mfupi. Msimtapishe mtoto, mkimbizeni hospitali. Usiku, kifaa kikiwa kimevuliwa, mwenyewe huenda asisikie chochote. Pangeni mapema nani atamwamsha moto ukizuka.

Ngozi ikivimba au kutoa usaha, au kifaa kikizimika ghafla, mwoneni daktari wa masikio. Kisha toeni taarifa kwetu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba; ofisi yetu ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha. Taarifa ya mtu mmoja huweza kuwakinga wengine wanaotumia kifaa cha aina hiyohiyo.