Mbwa Mwenye Magurudumu na Meza ya Mfalme

(Mazungumzo ya redioni. Somo: 2 Samweli 9)

Somo letu la leo liko katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 9. Lakini kabla hatujafika huko tutazungumza kwanza juu ya mbwa. Tafadhali msiifunge redio.

Huenda umewahi kuiona picha, maana siku hizi picha hupita upesi kutoka simu hata simu. Mbwa ambaye miguu yake ya nyuma haina nguvu amefungiwa kigari chepesi cha fremu ya madini. Kina magurudumu mawili, moja huku na moja huku, karibu na nyonga zake. Mikanda inapita kifuani na mabegani, na chini ya nyonga kuna tandiko laini la kuubeba uzito wa nyuma. Miguu iliyokufa ganzi hutiwa katika vitanzi ili isiburuzwe ikachubuka. Miguu ya mbele ndiyo inayovuta. Mbwa wengine wakishafungwa hivyo kwa mara ya kwanza husimama wakishangaa, kisha huenda hatua mbili, kisha huondoka mbio hata mwenye mbwa akalazimika kuwafuata.

Katika nchi za Marekani na Ulaya vigari hivyo hutengenezwa na kuuzwa. Mmoja wa waliokuwa wakivitengeneza ni mhandisi Ed Grinnell, wa Shelburne Falls katika jimbo la Massachusetts. Mwaka wa 1989 yeye na mkewe Leslie walikuwa na mbwa jike mzee, aina ya Doberman, aliyeitwa Buddha. Ghafula miguu ya nyuma ya mbwa huyo ikashindwa kumbeba, kwa sababu ya ugonjwa wa visahani vile laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Yule mhandisi hakuwa daktari. Alichukua alichokijua, yaani vyuma na magurudumu, akamuundia mbwa wake kigari. Baadaye watu wengine wenye mbwa wa namna hiyo wakaja kumwomba, na ile kazi ikawa riziki ya nyumba yao.

Magonjwa yanayowaangusha mbwa ni mengi. Mbwa wenye mgongo mrefu na miguu mifupi huumia mara nyingi katika visahani hivyo tulivyovitaja. Mbwa wa aina ya German Shepherd, wale tunaowaona wakifanya kazi na polisi, hupatwa uzeeni na ugonjwa unaoula uti wa mgongo polepole. Huanza kwa kuyumba nyuma na kukwaruza kucha chini, na baada ya miezi mingi miguu ya nyuma hukataa kabisa. Ugonjwa huo hauna maumivu makali, wala hauna dawa ya kuuponya. Hapa kwetu, kama mjuavyo, mbwa wengi huvunjwa na gari barabarani, na anayeendesha hata hasimami.

Kigari si cha kila mbwa. Mbwa mwenye maumivu yasiyotulia hasaidiwi kwa kufungiwa magurudumu, na daktari wa mifugo akishauri apumzishwe, hatutamhukumu mwenye mbwa anayekubali huku machozi yanamtoka. Tena kigari kina kazi kubwa. Ni lazima upime kwa utepe, kama fundi wa nguo anavyopima: urefu wa mwili, upana wa nyonga, kimo kutoka ardhini, na uzito. Kikibana, huleta vidonda. Kikilegea, mbwa hupinduka kwenye jiwe la kwanza. Hawezi kulala akiwa ndani yake, kwa hiyo hutolewa kila mara akapumzike. Wengi wa mbwa hao hawawezi hata kukojoa wenyewe, ni lazima mtu awakamue kibofu kwa mikono yake, mara kadhaa kila siku, asubuhi na usiku.

Na baada ya kazi hiyo yote, mbwa haponi. Hilo ndilo neno tunalotaka mlishike leo. Yule German Shepherd mzee ataendelea kudhoofika hata miguu ya mbele nayo ianze kulegea, na hapo wengine humtengenezea kigari cha magurudumu manne. Mwenye mbwa anajua tangu mwanzo kwamba hatashinda ugonjwa huo. Anapima, anafunga mikanda, anaosha vidonda, akijua.

Sasa tunasikia mtu akisema, tena ametuambia mzee mmoja wa kanisa tulipokuwa tukiyaandaa mazungumzo haya: "Hayo ni mambo ya watu walioshiba. Mbwa ana gari, na mtoto wa jirani yangu anatambaa kwa magoti mpaka chooni."

Hatuwezi kulipita neno hilo. Ni kweli, na linauma. Kama lingesemwa na yule mtoto mwenyewe, sisi tungenyamaza. Lakini tulimwuliza yule mzee, kwa heshima, je, yule mtoto umekwisha kumpelekea nini? Akatazama chini. Wala si yeye peke yake. Kuna hasira ya namna hiyo ambayo haimpi mbwa kitu, wala haimpi mtoto kitu. Inahesabu tu mali ya mtu mwingine. Yohana anatusimulia katika sura ya 12 juu ya mtu aliyelalamika kwamba marhamu ya thamani ingaliuzwa wakapewa maskini, na anatuambia wazi mtu huyo alikuwa nani na moyo wake ulikuwa wapi.

Bwana wetu mwenyewe aliijibu hoja hii kwa njia yake. Someni Luka sura ya 13. Siku ya sabato, ndani ya sinagogi, palikuwa na mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18 asiweze kujinyosha. Yesu akamfungua. Mkuu wa sinagogi akakasirika. Ndipo Bwana akawakumbusha kwamba kila mmoja wao hufungua ng'ombe wake au punda wake siku hiyo hiyo ya sabato akamnyweshe maji. Angalieni sana: hakuwalaumu kwa kumnywesha punda. Hakusema kwamba ndoo ile ya maji iliibwa kwa yule mama. Aliichukua huruma yao kwa punda, akaifanya shahidi: kama mnamfungua huyu, mwawezaje kukataa binti huyu wa Ibrahimu afunguliwe?

Basi na kigari cha mbwa ni shahidi wa namna hiyo. Kinatuambia kwamba jambo hili linawezekana. Fremu, magurudumu mawili, mikanda, utepe wa kupimia, na mtu mwenye subira. Wengine wameviunda kwa mabomba ya plastiki ya maji na magurudumu ya kigari cha mtoto. Hakuna fundi wa jua kali anayeweza kusema hana vitu hivyo.

Sasa tufungue kitabu cha Samweli. Yonathani, rafiki wa Daudi, aliacha mtoto aitwaye Mefiboshethi. Siku ile habari za kuuawa kwa Sauli na Yonathani zilipofika, mtoto huyo alikuwa na miaka mitano. Yaya wake akamwinua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka akalemaa miguu yote miwili. Hilo limeandikwa katika sura ya 4. Akakulia Lo-debari, katika nyumba ya mtu aitwaye Makiri, mbali na watu. Miaka mingi baadaye mfalme akamtuma mtu kumleta. Kijana akaanguka kifudifudi, na alipoambiwa asiogope akajiita mbwa. Tena si mbwa aliye hai, bali mbwa mfu.

Ndugu, neno hilo tunalijua. Kwetu sisi pia mbwa ni tusi. Mtu akitaka kumshusha mwenzake chini kabisa humwita hivyo, na mwenye ulemavu huitwa hivyo hata na watoto wa njiani. Yeye Mefiboshethi hakungoja kuitwa, alijiita mwenyewe. Alikuwa amelisikia mara ngapi hata likawa jina lake?

Daudi hakubishana naye juu ya jina. Alimrudishia mashamba yote ya babu yake Sauli. Akamwita Siba, aliyekuwa na wana 15 na watumishi 20, akamwagiza walime mashamba hayo, kwa sababu alijua kwamba shamba bila mikono ya kulima si msaada kwa mtu asiyeweza kusimama. Ule ndio upimaji tuliousema. Kisha akamweka mezani pake, ale pamoja na wana wa mfalme, siku zote.

Na sura ile inamalizika vipi? Haimaliziki kwa muujiza. Mwandishi anatukumbusha, katika mstari wa mwisho kabisa, kwamba mtu huyo alikuwa kiwete miguu yote miwili. Alikuwa mezani, na alikuwa kiwete bado. Hakuna aliyemwambia kwamba imani yake haitoshi.

Hapa tunasema na makanisa yetu. Sisi twaamini kwamba Mungu anaponya, wala hatutaacha kuomba. Lakini tumeona katika mikutano yetu mikubwa mtu mwenye magongo akiitwa mbele, akawekewa mikono, akaambiwa ayatupe magongo yake, na aliposhindwa akarudishwa nyuma akiwa na aibu aliyokuwa hana alipokuja. Mwaka ujao anaitwa tena. Dada mmoja alituambia kwamba ameombewa mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na hakuna hata mmoja wa waliomwombea aliyewahi kumwuliza, "Nyumbani unafikaje?" Alikuwa akilipa bodaboda wawili, mmoja wa kumbeba yeye na mmoja wa kubeba kiti chake.

Mwenye yule mbwa mzee amelielewa jambo ambalo mhubiri yule hakulielewa. Mtu asiyepona bado anatakiwa kubebwa, kuoshwa, kupimwa, na kuketi pamoja na wengine wakati chakula kinapoandaliwa. Kumhudumia hivyo si kukosa imani.

Tena tupime kweli. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo, nao unasisitiza kwamba kiti kimfae mwenye kukitumia na mahali anapoishi. Mara ngapi kanisa limepokea viti vilivyotolewa sadaka, vyote kimo kimoja, vikagawiwa mbele ya wageni na picha zikapigwa, na baada ya mwezi kiti cha mtu mzima kinatumiwa na mtoto wa miaka saba ambaye mgongo wake unazidi kupinda? Au kiti chenye magurudumu membamba ya sakafu ya hospitali kimepelekwa kijijini kwenye tope na mawe? Mbwa yule wa Massachusetts alipimwa. Hapa Kenya wako watu wenye ujuzi huo. Chama cha APDK kilianzishwa mwaka wa 1958 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo, na karakana zake zimetengeneza viti kwa ajili ya njia zetu hizi. Kamati ya kanisa isione haya kwenda kuuliza kabla ya kununua.

Na mlango wa kanisa lako je? Wengi wetu tumejenga kanisa juu, lenye ngazi tano mbele, kwa sababu linapendeza. Mtu wa kiti hungoja pale chini mpaka vijana wanne wapatikane wamwinue kama gunia, huku kwaya imekwisha kuanza. Siku ya Meza ya Bwana huletewa mkate pale alipo, nyuma karibu na mlango. Pengine mwenyewe amezoea. Mefiboshethi naye alikuwa amezoea Lo-debari. Mteremko wa saruji kando ya ngazi haugharimu hata sehemu ya kumi ya fedha tulizochanga kwa vipaza sauti, nasi tunasema hivi tukijua bei ya vipaza sauti.

Wewe mwenye mbwa aliyevunjika nyonga huko nyuma ya nyumba, mtafute daktari wa mifugo leo, usingoje Jumatatu. Mithali sura ya 12 inamhesabu mwenye kuujali uhai wa mnyama wake miongoni mwa wenye haki. Na ukiisha kumsaidia mbwa, usirudi ndani kabla hujapita kwa jirani yule wa kutambaa, ukaenda na utepe wa kupimia mkononi.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyewaumba wanyama na ukatuumba sisi, tunakuletea wale ambao tumewaombea na hawajasimama. Watie nguvu wanaowabeba, wanaoamka usiku kuwageuza, wanaoosha mashuka kila asubuhi. Uwape wazee wa makanisa yetu moyo wa kuzivunja ngazi zile. Katika jina la Yesu. Amina.