Mshauri wa Familia kwa Njia ya Simu

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinyamazia. Ni ile hali ya kugombana na mtoto kila siku hadi unaona malezi yamekushinda. Tutaeleza pia jinsi unavyoweza kupata msaada wa mshauri wa familia kwa simu, bila kusafiri mbali.

Hapa kwetu Kericho na Bomet, mama huingia kwenye chai asubuhi na mapema. Mchumaji hulipwa kwa kilo, kwa hiyo kila dakika ina bei yake. Mwenye shamba dogo naye anakimbilia kituo cha kununulia majani. Jioni anarudi mgongo unauma, nguo zimelowa mvua, na kazi za nyumba zinamngoja. Mashine za kuchuma chai nazo zimewapunguzia wengi kazi mashambani. Na bonasi inapolipwa, karibu na mwezi wa kumi, kuna nyumba ambazo pesa hizo hugombaniwa mbele ya watoto.

Mtoto huyaona yote hayo. Mdogo aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Mkubwa hunyamaza, hukataa shule, au hujibu kwa ukali. Sisi husema, "Mtoto huyu ameharibika." Je, ni kweli?

Tuchukue mfano. Mvulana wa miaka 14 anabaki na wadogo zake mchana kutwa. Mama anapofika tu mlangoni anauliza, "Maji yako wapi? Kuni ziko wapi?" Mvulana anakasirika na kutoka. Baba naye anamwambia mama, "Ni wewe uliyemdekeza." Mama analia, mvulana anarudi usiku, anachapwa. Kesho ni vilevile.

Mshauri wa familia hamtafuti mkosaji. Anatafuta mzunguko. Atauliza: Ugomvi huanza saa ngapi? Nani husema nini kwanza? Ni siku gani haukutokea, na siku hiyo mlifanya nini tofauti? Katika mfano wetu, ugomvi huanza dakika zile za kwanza mama anapoingia amechoka. Basi wanaweza kukubaliana kwamba mama akifika, wote wanywe chai kwanza, kisha ndipo mambo ya kazi yaulizwe. Baba naye asimlaumu mama mbele ya watoto. Ni jambo dogo, lakini linakata ule mzunguko.

Kazi hii hufanywa na mshauri nasaha au afisa wa ustawi wa jamii aliyesomea mambo ya familia. Tangu ugonjwa wa korona ulipofunga shule zetu mwezi Machi 2020, ushauri wa namna hii kwa simu na kwa video umezidi kuzoeleka. Unaweza kuanza kwa kuuliza afisa wa ustawi wa jamii katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, au ile ya Longisa kule Bomet. Muulize kama baada ya kuonana mara ya kwanza mnaweza kuendelea kwa simu. Ukikosa nauli, piga namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Kwa mambo ya watoto, piga 116. Namba hizi ni za bure, na mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga 116.

Jiandae hivi kabla ya kuzungumza na mshauri:

1. Chagua mahali. Kuta za nyumba za laini ni nyembamba. Afadhali utoke ukae mahali ambapo majirani hawakusikii.

2. Chagua wakati ambao simu ina chaji na hakuna atakayekuita. Kama huna bando, mwambie mshauri. Simu ya kawaida yatosha.

3. Uliza lugha. Kama unaeleza vizuri zaidi kwa Kipsigis, Kikisii au Kijaluo, sema hivyo mapema.

4. Kama simu ni ya watu wawili, au unamwogopa mtu wa nyumbani, mwambie mshauri asikutumie ujumbe. Kubalianeni saa ambayo wewe ndiwe utakayempigia.

5. Eleza ukweli. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Nawe pia una haki ya kuuliza maswali. Muulize jina lake kamili, alikosomea, na kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inalinda habari za afya yako. Mtu anayeficha jina na kutaka pesa kwanza, mwache.

Sasa sikiliza vizuri. Kuna mambo ambayo hayangoji miadi ya simu. Mtoto akiwa amebakwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Usimwogeshe kwanza wala usifue nguo alizovaa. Namba ya bure ya kuripoti ukatili wa nyumbani na wa kingono ni 1195. Mtoto akisema anataka kufa, usimcheke na usimchape. Kaa naye, ondoa dawa za shamba na kamba mahali anapoweza kuzifikia, na utafute hospitali. Wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi. Jua kwamba mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mtoto huyo ni mgonjwa wa kusaidiwa.

Na kiboko je? Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili. Tena kiboko humfundisha kujificha, asiseme linalomsumbua.

Huhitaji kungoja mshauri ndipo uanze. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wenzao walitoa mashauri ya malezi. La kwanza lilikuwa hili: mtengee kila mtoto muda wake peke yake, dakika 20 hivi. Ukikosa 20, anza na 10. Mkiwa mnamenya viazi au mnatembea kwenda mtoni, mwache yeye achague mazungumzo. Usimkosoe. Msikilize tu.

Kumbuka mambo matatu: ugomvi wa nyumbani una mzunguko, na mzunguko hukatwa, msaada upo kwa 116, 1199 na 1195, na hatari kubwa ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Mweleze jirani mnayechuma naye safu moja, maana huenda naye analia kimya kimya.